Baharia Kuwa Afisa

Bwenini tulibishana: ati aliyeanzia chini jeshini atastaafu chini. Kaka yangu ni baharia wa kawaida, basi nikakasirika, nikakimbilia maktaba.

Kumbe! Kule Marekani Jeremy Boorda aliacha shule, akaingia Jeshi la Wanamaji 1956, akawa afisa 1962, na 1994 akawa mkuu wa jeshi hilo, wa kwanza kutoka ngazi ya chini.

Huko, fundi wa injini mwenye uzoefu wa miaka aweza kuwa afisa wa fani yake bila digrii, mradi mkuu wake ampendekeze na baraza limteue. Wengine hupelekwa chuo kikuu huku wakilipwa mshahara (hiyo ndiyo tamu!).

Nimemwandikia kaka nimuulize ya kwetu. Bado hajajibu, labda yuko majini.