Waridi la Kunukia, Hapa Mpui

Mawaridi ya dukani, yale ya mashina marefu kutoka mashamba ya Arusha, yalichaguliwa kwa kukaa siku nyingi kwenye chombo na kustahimili safari ya ndege. Harufu haikuwa hoja. Basi usipande kijiti cha shada la harusi ukitarajia manukato. Tafuta mwaridi uliokwisha kuunusa mwenyewe, kwa jirani, kwa mama mkwe au uwanjani pa kanisa. Nenda asubuhi, kwa kuwa jua likishapanda mafuta ya harufu huruka na ua zuri ukalidhania halina kitu.

Baridi yetu isikutishe. Marashi mashuhuri ya Jabal Akhdar, Oman, hutokana na mawaridi yanayolimwa milimani, mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na uwanda wetu wa Ufipa nao umepita mita 1,500. Kinachoua miwaridi huku ni upepo wa kiangazi, na ukungu wa masika.

Ndiyo maana vijiti napenda vipandwe Februari au Machi, viwahi mizizi kabla mvua hazijakatika. Chagua tawi lililomaliza kuchanua, nene kama penseli. Kata sentimita 20, chini kidogo ya kifundo, ubakize majani mawili ya juu. Theluthi mbili zizame kwenye udongo wenye mchanga, kivulini, kisha funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Baada ya wiki 6 hadi 8 kivute taratibu, kikigoma, kimeshika.

Shimo la kuhamishia liwe la sentimita 45 kila upande, mahali penye jua la asubuhi. Udongo wa kujazia tunao: chota kwenye tuta la ntumba la mwaka jana, ambamo nyasi zilizofukiwa zimeshaoza na donge linavunjika kwa vidole. Changanya na samadi ya ng'ombe iliyokaa hadi ikaacha kunuka. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Upande wa kusini mashariki, upepo unakotoka, weka uzio wa mabua. Kiangazi mwagia shinani ndoo moja mara mbili kwa wiki, na utandaze nyasi kavu. Masika yakileta madoa meusi, okota majani yaliyoanguka uyachome, upunguze matawi ya katikati hewa ipite. Vidukari huondoka kwa maji ya sabuni, mradi uyafikishe chini ya jani. Pogolea Oktoba, mkato wa mshazari juu ya jicho linalotazama nje.

Mbuzi je? Watu huiamini miiba, lakini mbuzi huanza na chipukizi, ambalo miiba yake bado ni laini. Zungushia uzio pande zote.

Tumba za miezi ya kwanza zikate hata kama roho inauma. Mche ukichanua mapema hudhoofika, na kiangazi kiko njiani.