Insha ya Hoja: Umuhimu wa Wanafunzi Kujitolea Katika Jamii

Watahiniwa wengi huandika "kujitolea huleta umoja" kisha huhamia hoja nyingine. Hapo alama hupotea. Kila hoja iwe na dai, maelezo na mfano. Tazama huu wa kwetu Kagera:

Dai: Wanafunzi wanaojitolea huokoa chakula cha jamii.

Maelezo: Mnyauko bakteria wa migomba hauna dawa. Huenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume, na kwa mapanga machafu. Kinga yake ni kazi ya mikono: kuvunja ua kwa kijiti chenye panda kichane cha mwisho kikishatoka, na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine.

Mfano: Bibi anayeishi peke yake hawezi kuyafikia maua yote kibanjani. Wanafunzi watano wakienda Jumamosi, ndizi zake zitapona.

Zingatia: Kazi uliyolazimishwa au kulipwa si kujitolea.

Zoezi: Andika hoja nyingine kwa mpangilio huo, ukitumia tetemeko la ardhi la 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba na madarasa mkoani Kagera.

Ukiweza, jitolee kwanza. Mfano ulioufanya mwenyewe hausahauliki chumba cha mtihani.