Ukuta wa Chokaa, Mlango wa Nakshi na Faili Ghafi

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, kuta zilizopakwa chokaa hurudisha jua la adhuhuri kwa ukali ilhali mlango wa nakshi ulio hatua chache ndani ya kichochoro umezama kizani, na hapo ndipo aina ya faili inapoamua kama picha itapona. Faili ya JPEG hubakiza ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, baada ya kamera kuikoleza picha. Faili ghafi ya biti 14, yaani kumbukumbu ya kihisi kabla haijapikwa, huhifadhi ngazi 16,384. Kihisi ni bamba la silikoni linalogeuza mwanga kuwa umeme, na kilicho kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi.

Hata hivyo faili ghafi peke yake haitoshi, kwa sababu histogramu, mchoro unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga, katika kamera nyingi hutokana na JPEG hata pale faili ghafi inaporekodiwa. Mpigapicha wa harusi aliyesimamishwa mbele ya mlango mmoja wa mtaa wa Shangani saa saba mchana aliliona hilo waziwazi: mama wa bibi harusi hakukubali kusogea, kwa kuwa mlango wa ukoo ulipaswa kuonekana, na kila mwanga ulipopunguzwa ili kuuokoa ukuta, njumu za shaba na minyororo iliyochongwa ilipotelea katika chenga. Dawa ilikuwa kushusha kontrasti ya JPEG hadi mwisho, ili histogramu ikikaribie kilichomo kihisini, kisha kuongeza mwanga mpaka alama za onyo la mwanga kuzidi zianze kumetameta juu ya ukuta, na kurudi nyuma kidogo. Kwenye kioo cha kamera picha ilionekana imepauka, lakini faili ghafi ilibeba ukuta, tarizi ya nguo na nakshi yote, na mama yule alipokabidhiwa picha aliutazama mlango kabla ya kumtazama mwanawe.

Kule kurudi nyuma kidogo kwenye mwanga kuna sababu. Juu ya vihisi vingi kuna kichujio kilichobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, chenye hataza ya mwaka 1976, kinachotenga nusu ya pikseli kwa kijani, robo kwa nyekundu na robo kwa buluu. Juani kijani ndicho hujaa kwanza, na chokaa iliyozidiwa huingia uwaridi. Programu nzuri hukisia kijani kilichopotea kutokana na rangi mbili zilizobaki, ila zote tatu zikijaa hakuna kinachorudi. Mengine ni mepesi: familia hupewa JPEG, ambayo kila simu huifungua, na faili ghafi hunakiliwa mahali pawili kabla kadi haijafutwa.