Injini Nayo Hupumua: Vidokezo vya Kopo la Oili kwa Wenye Turbo wa Nachingwea na Ruangwa

Oktoba ikiingia na minada ya korosho ikafunguliwa, barabara za huku hubadilika sauti. Hilux iliyobebeshwa magunia hadi springi zimelala inapanda kwa gia ya pili kutoka vijiji vya Mnero, turbo inapiga mluzi, dereva anawahi ghala la chama cha ushirika, AMCOS, kabla karani hajafunga daftari. Mjini Ruangwa, siku timu ya Namungo inacheza Uwanja wa Majaliwa, utaziona Subaru Forester za vijana waliotoka Dar. Nazo zina turbo, na wenyewe wanataka ujue hivyo. Magari haya hayafanani hata kidogo, ila yana ugonjwa mmoja: yanavuta oili yake yenyewe.

Kila pistoni inaposhuka kwa nguvu ya moto, moshi kidogo hupenya pembeni mwa ringi ukaingia tumboni mwa injini, kule krenki inakozungukia. Hata injini mpya hufanya hivyo. Yenye turbo hufanya zaidi kwa sababu shinikizo lake ni kubwa. Zamani moshi ule ulitolewa nje kwa bomba, ukabaki barabarani. Mwaka 1961 magari mapya ya California yakaanza kuurudisha kwenye njia ya hewa ili uungue upya, na wengine wakafuata. Hewa ya miji ikapata nafuu. Tatizo ni kwamba mrija ule hupitisha pia ukungu wa oili, mvuke wa maji na mafuta ambayo hayakuungua. Kopo la kunasia oili hufungwa katikati ya mrija huo: moshi unapita, oili inabaki.

1. Kabla ya kopo, kagua kichujio cha hewa.
Kidokezo hiki ningekiandika mara tatu kama mhariri angeniruhusu. Vumbi la njia ya Liwale ni laini kama unga wa muhogo, na likipita kwenye kichujio kilichochanika au klipu iliyolegea, hugeuka msasa kati ya ringi na silinda. Ringi zikilika, moshi unaoshuka tumboni huongezeka, oili inayopanda na moshi huongezeka, kisha mwenye gari anakwenda kununua kopo. Kopo litanasa oili hiyo vizuri tu, huku injini ikiendelea kusagwa. Fungua mpira unaotoka kwenye kichujio kwenda kwenye turbo, upitishe kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi, usiwashe gari mpaka ujue lilipoingilia. Na kichujio cha karatasi usikipigepige kwenye tairi. Kipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, au kibadilishe.

Nachingwea inajua habari ya mashine ngeni kuliko miji mingi. Waingereza walipoleta Mpango wa Karanga mwaka 1947, miongoni mwa mitambo yao mlikuwa na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Mwaka 1951 mpango ukafa, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake ikaja kung'olewa. Jina la Stesheni lipo hadi leo, treni hakuna. Sababu za anguko lile zilikuwa nyingi, lakini mashine zilizokuja bila kuujua udongo zilikuwa mojawapo. Kopo nalo lisiletwe hivyo.

2. Jiulize kama gari lako linahitaji kopo.
Dizeli za turbo zenye EGR, kama Hilux na Hiace za injini za 2KD na 1KD, ndizo zinazofaidika zaidi. EGR hurudisha masizi ya ekzosi kwenye njia ya hewa. Masizi yakikutana na ukungu wa oili hugandamana yakawa lami, lami ileile ambayo vijiji vingi vya huku bado vinaisubiri barabarani. Njia ya hewa husinyaa mwaka hadi mwaka na gari likawa zito bila kosa la kuonekana. Petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda nazo zinafaidika, kwani petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa ikaziosha.

Land Cruiser yenye 1HZ isiyo na turbo? Hela yako peleka kwenye vichujio. IST na Noah za kawaida? Badilisha valvu ya PCV, ile inayoruhusu moshi wa tumboni urudi kwenye njia ya hewa, inapochoka. Itoe, itikise: ikilia kacha-kacha bado inacheza, ikiwa bubu imeganda. Bodaboda pia haihitaji kopo, ila pikipiki nyingi zina kijibomba chenye kizibo chini ya boksi la kichujio. Kifungue mara mojamoja umwage kilichokusanyika. Pampu ya kupulizia salfa mikoroshoni usiiulizie kabisa. Injini yake ni ya mipigo miwili, na tumbo lake ndilo linalopitisha mchanganyiko wa petroli na oili kwenda juu.

3. Pima pumzi kwanza.
Injini ikiwa na moto wake wa kawaida na inanguruma bila kukanyagwa, fungua mfuniko wa kujazia oili, ugeuze, uuweke juu ya tundu bila kuufunga. Ukitikisika kidogo, hiyo ni kawaida, na dizeli hutikisa zaidi ya petroli. Ukirushwa pembeni na moshi ukafuka kama jiko la mkaa, ndiyo ile mafundi wanayosema injini inapumua. Hapo mwambie fundi apime kompresheni kabla hujatoa hela ya kopo.

4. Safisha njia iliyopo.
Niliwahi kubadilisha siili ya nyuma ya krenki mara mbili ndani ya miezi minne. Fundi alishusha gia boksi, akapachika siili mpya, nikalipa. Wiki chache baadaye sakafu ikalowa tena. Ya tatu nilikwenda kwa mwingine, mzee asiyependa maneno mengi, akang'oa mrija wa kupumulia juu ya tapeti kava. Ulikuwa umeziba kwa uchafu mgumu kama sukari guru. Pumzi ikikosa njia hutafuta sehemu dhaifu, nayo ni siili, au stiki ya oili inayochomoka yenyewe. Mrija ukiwa umeziba, kopo unalofunga mbele yake ni pambo.

5. Oili isizidi alama.
Kuna tabia ya kuongeza "kidogo ya safari" kabla ya kwenda Dar. Ikipita alama ya juu, krenki huanza kuichapa, ikafanya povu na kupanda na moshi. Kopo linajaa na unailaumu injini bure.

6. Kopo tupu ni chupa.
Ukungu wa oili haudondoki kwa kuingia tu kwenye chombo. Lazima moshi upunguzwe kasi, ugeuzwe mwelekeo, ugonge kitu cha baridi ili matone yashikane. Kopo zuri lina vizuizi ndani na wavu, au kichujio kabisa kama ProVent 200 ya Mann+Hummel, ambayo wenye Hilux na Land Cruiser za Australia wanaipenda, na ina valvu ya kuachia shinikizo kichujio kikiziba. Fundi wa kuchomelea wa hapa anaweza kukutengenezea la kwako. Ila akitaka kujaza stili waya ya kusugulia masufuria, mkatalie ile laini: nyuzi zake hukatika, na mbele yake kuna panga za turbo. Atumie wavu mnene usioshika kutu, aubane usisogee.

Kuhusu ukubwa, kanuni za FIA za magari ya mashindano ni kipimo kizuri cha kuanzia. Gari ambalo pumzi yake imeachwa wazi hutakiwa kuwa na kopo la lita 2 kama injini haizidi cc 2000, na lita 3 ikizidi, nalo liwe la plastiki inayopitisha mwanga au liwe na dirisha. Huhitaji lita 3 kwenda Kilimarondo. Dirisha lakini ni akili: unaona kilichomo bila kufungua.

7. Mpira uwe wa oili.
Mpira wa kumwagilia bustani utakuwa mzuri siku ya kwanza. Joto na oili vitaulainisha, utajinyonya na kubanana, na utarudi kwenye kidokezo cha 4. Tundu la ndani lisiwe dogo kuliko la mpira uliotoka kiwandani, na mpira usiwe na bonde katikati ambamo oili itatuama.

8. Kopo lifunge penye ubaridi, lisimame wima.
Mbali na turbo na ekzosi, karibu na upepo wa mbele. Libane kwenye bodi, kisha acha mipira iwe mirefu kidogo, maana injini hucheza inapowashwa na makorongo ya huku hayana huruma.

9. Wenye Subaru: njia ni mbili.
Ukiwa hujakanyaga, mvuto wa manifodi hunyonya moshi kupitia valvu ya PCV. Turbo ikianza kusukuma, valvu hiyo hujifunga na moshi hutoka kwa mipira mingine, kuelekea mdomo wa turbo. Ukifunga kopo kwenye njia ya PCV peke yake, safari nzima ya mbio inapita pembeni. Na valvu yenyewe usiitoe, wala usiifunge kinyume.

10. Usiache pumzi wazi.
Kile kichujio kidogo chekundu kinachochomekwa juu ya mrija kinapendeza kwenye picha. Kwenye petroli yenye PCV, upande huo ndio unaoingiza hewa safi ndani ya injini. Ukiuacha wazi unaikaribisha hewa ambayo mita ya hewa haikuihesabu, gari linatetemeka, na vumbi letu linapata mlango wa pili. Harufu nayo itaingia kabini. Rudisha mrija ulikotoka.

11. Mwaga kabla halijajaa. Kwa dizeli hili si utani.
Kopo lililojaa linaweza kunyonywa kwa mkupuo mmoja. Dizeli haichagui: oili nayo ni mafuta. Injini ikianza kujilisha oili hupanda kasi yenyewe, na ukizima ufunguo haizimiki, kwa kuwa ufunguo unakata dizeli tu. Gari likiwa la gia za mkono, ingiza gia ya juu, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi ghafla life. La otomatiki linataka kuzibiwa hewa mdomoni kwa ubao au kitu bapa kigumu, kamwe usitumie mkono. Ikishindikana, ondoka jirani nalo.

Kwa hiyo baada ya kulifunga, lifungue baada ya kilomita 500. Kama kuna kijiko tu, nenda hadi 1,000. Ukishaujua mwendo wa gari lako utapanga mwenyewe, na kila unapobadilisha oili ulioshe.

12. Soma ulichonasa.
Kimiminika cheusi chembamba chenye harufu ya mafuta ni kawaida. Rangi ya uji wa maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili. Asubuhi za Juni na Julai, kwa safari fupi za sokoni, hutokea. Ikiendelea mwezi mzima wa joto na rejeta inapungua maji, kagua gasketi ya silinda hedi. Andika kiasi kwenye daftari pamoja na kilomita. Hakuna namba moja ya kila gari, unajilinganisha na mwezi wako uliopita. Kikiongezeka maradufu na mzigo ni uleule, anza kuweka akiba ya kushusha injini.

13. Oili uliyonasa usiirudishe kwenye injini.
Ina maji, ina mafuta, ina tindikali. Itie kwenye dumu, mbali na kisima. Na mzee akikuomba apake nguzo za banda dhidi ya mchwa, mweleze kwamba ndani yake mna mafuta yasiyoungua, kwa hiyo nguzo za jikoni aziache.