TURBO INAPOUGUA, SHOFERE NAYE ANAUGUA

Ndugu shofere, nawe ndugu fundi wa garaji,

Labda utauliza: muganga anatafuta nini ndani ya motere? Sikiliza. Shofere mmoja alikuja kwetu mara tatu akilalamika kuumwa kichwa na kichefuchefu. Mara mbili nilimpa vidonge na kumrudisha kazini. Mara ya tatu ndipo nilipomuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: kichwa kinauma saa ngapi? Akajibu: "Nikiwa ndani ya motokari tu. Nikifika nyumbani kinapoa. Hata msaidizi wangu ni vivyo hivyo." Fundi akafungua boneti, akaona masizi pale turbo inapofungwa kwenye motere. Gasketi ilikuwa imepasuka, na moshi ulikuwa ukiingia alipokaa shofere. Mgonjwa wa kwanza ilikuwa motokari, nami nilikuwa ninatibu mtu peke yake.

Turbo ni nini?

Ni magurudumu mawili madogo juu ya mhimili mmoja. Moshi unaotoka katika motere unazungusha la kwanza. La pili linasukuma hewa ndani ya silinda. Mswisi Alfred Büchi alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905. Kwetu kazi yake inaonekana wazi. Ukitoka Sake ukapanda kwa Kilolirwe na Burungu kuelekea Kitshanga, uko katika milima yenye hewa nyepesi. Penye mita 2,000 hewa imepungua karibu sehemu moja kati ya tano kuliko kando ya bahari. Turbo ikichoka, motokari yenye mzigo inakwama katikati ya mlima, na nyuma yako kuna watu.

Pima kwa utaratibu

Motokari iliyotembea kilometri nyingi usiihukumu haraka. Mara nyingi turbo inatupwa, kumbe kosa lilikuwa mpira uliotoboka. Pima hivi:

1. Hakikisha turbo ipo. Land Cruiser zenye motere ya 1HZ zilitoka kiwandani bila turbo. Prado yenye 1KZ-TE inayo.

2. Anza na filitre ya hewa na mipira. Vumbi la barabara zetu linaziba filitre upesi. Kisha tazama mipira yote ya hewa kutoka turbo hadi motere. Ukisikia mlio wa hewa inayotoroka wakati wa kupanda, au ukiona alama mpya ya mafuta kwenye kiungo, tafuta ufa hapo.

3. Soma moshi. Moshi mweusi pamoja na nguvu kupungua: mazutu ni mengi kuliko hewa, rudi kwenye filitre na mipira, kisha upime sindano. Moshi wa buluu: mafuta ya motere yanaungua. Yanaweza kupita kwenye turbo, lakini hata ringi za pistoni zilizokwisha zinaleta moshi huo. Tazama pia kama bomba linalorudisha mafuta kutoka turbo limeziba.

4. Pima mhimili. Zima motere, uache ipoe kabisa. Ondoa mpira wa kuingiza hewa, uzungushe gurudumu kwa kidole. Lizunguke kwa urahisi, lisikwaruze ukuta, na mapanga yake yawe mazima. Likicheza kidogo upande kwa upande, usiogope: mhimili huo umewekwa uelee juu ya mafuta. Lakini ukilivuta na kulisukuma, mchezo usisikike kwa mkono. Ukisikika, turbo imechoka.

5. Tafuta masizi. Mstari mweusi kwenye viungo vya bomba la moshi maana yake moshi unatoroka. Hiyo ni kazi ya leo, si ya kesho.

Hatari za mwili

Motere inapofanya kazi, gurudumu la turbo linaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Usiweke kidole wala kitambaa hapo. Na upande wa moshi chuma kina moto wa digrii mamia. Kinaunguza hata baada ya kuzima. Ukiungua, tia maji safi ya baridi dakika 20, usipake mafuta wala dawa ya meno, uje dispansere.

Moshi wa mazutu una kaboni monoksidi. Ni kidogo kuliko katika moshi wa esansi, lakini haina rangi wala harufu. Dalili ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Watu wawili wakiumwa pamoja ndani ya motokari moja, simameni, shukeni, mpate hewa, kisha mje mpimwe. Tena, mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa mazutu kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu.

Hatari ya mwisho: turbo iliyoharibika inaweza kuilisha motere mafuta yake yenyewe. Motere inapiga kelele na kupanda mbio, nawe umetoa ufunguo. Usifungue boneti! Kama gia ni za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, tia gia kubwa, uachie klachi ili motere ife. Ikishindikana, ondoa watu wote, mkae mbali.

Kinga

Badilisha mafuta na filitre kwa wakati wake. Asubuhi usikanyage sana kabla mafuta hayajafika juu. Baada ya mlima mrefu, acha motere izunguke polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzima, maana mafuta yakisimama ndani ya chuma chenye moto yanageuka makaa na kula mhimili.

Nawe, ukija kwetu na kichwa kinachouma, usiseme "kichwa" tu. Tuambie unaendesha motokari gani.