TAA ZA ISHARA ZA GARI

Gari halina mdomo. Husema kwa taa. Taa za ishara, yaani indiketa, humwambia aliye nyuma: "Nakata kona."

Tuseme gari la mpunga linatoka Mang'ula kwenda Ifakara. Dereva anakata kulia, aingie njia ya kijijini. Nchini kwetu tunaendesha upande wa kushoto. Kwa hiyo anayekata kulia hukatiza njia ya wengine. Nyuma yake kuna pikipiki iliyombeba mama na mtoto. Indiketa ya nyuma ni mbovu. Mwenye pikipiki haoni ishara, anaanza kulipita gari. Hapo watu huumia.

Kabla ya safari, washa indiketa za kulia, kisha za kushoto. Zunguka gari, utazame mbele na nyuma.

1. Moja haiwaki, au zinapepesa upesi mno. Mara nyingi globu moja imeungua. Kama globu ni nzima, tazama inapokaa. Bonde letu lina maji na matope, na kutu huzuia umeme. Zima umeme, usugue kutu.

2. Zote haziwaki. Tazama fyuzi. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya kipimo kile kile. Usiunge kwa waya! Gari laweza kuungua.

3. Zinawaka bila kupepesa. Huenda flasha imekufa. Mwone fundi.

Zikiharibika njiani, punguza mwendo mapema. Ukikata kulia, nyoosha mkono wa kulia nje ya dirisha.

Maswali
1. Indiketa zikipepesa upesi mno, utatazama nini?
2. Kwa nini fyuzi haiungwi kwa waya?