Kichaa cha Mbwa na Ubongo wa Ndani



Bila shaka umewahi kuona kichwa cha mbuzi kikipasuliwa jikoni. Ndani mna ubongo. Ni laini na una mikunjo. Ubongo wa mtu ni mkubwa kuliko huo, lakini mpango wake unafanana. Juu kuna tabaka lenye mikunjo mingi. Tabaka hilo ndilo tunalolitumia kuhesabu kilo za pamba na kusoma gazeti hili.

Leo tutakwenda chini ya tabaka hilo, ndani kabisa. Huko kuna sehemu ndogo zinazofanya kazi pamoja. Mwaka 1878 daktari wa Ufaransa, Paul Broca, aliandika habari za eneo hilo. Alilipa jina kwa neno la Kilatini lenye maana ya ukingo, kwa sababu limezunguka katikati ya ubongo kama pindo la kanga. Sisi tutaliita limbiki. Mtu analo, na mbwa analo. Tunalisoma kwa sababu kuna ugonjwa unaolishambulia, nao ni kichaa cha mbwa.

SEHEMU TATU ZA LIMBIKI

Ya kwanza ni hipokampasi. Ipo moja kila upande wa kichwa, nayo imejikunja kama pembe la kondoo dume. Kazi yake ni kuweka kumbukumbu mpya. Ukikutana na mgeni mnadani asubuhi, jioni unamkumbuka. Hiyo ni kazi ya hipokampasi. Zikiharibika zote mbili, mtu ataongea nawe vizuri, lakini ukitoka na kurudi baada ya muda mfupi hajui kwamba mlionana.

Ya pili ni amigdala. Ni ndogo, kama punje kubwa ya karanga, nayo iko mbele ya hipokampasi. Hii hupiga mbiu ya hatari. Unapita njiani usiku. Unaona kitu kirefu kimelala chini. Unaruka nyuma kabla hujajua kama ni nyoka au ni kamba. Aliyekurusha ni amigdala. Hofu na hasira hupitia hapo.

Ya tatu ni hipothalamasi. Iko chini ya ubongo, katikati. Mbiu ikipigwa, hii huuandaa mwili: moyo hupiga haraka na jasho hutoka. Pia husimamia njaa, kiu, usingizi na joto la mwili.

Sehemu nyingine zipo, lakini hizi tatu zinatutosha.

VIRUSI VINASAFIRI POLEPOLE

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi. Hivi ni vijidudu vidogo sana, havionekani kwa macho. Vinakaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Anapomuuma mtu, vinaingia kwenye jeraha. Haviendi na damu kama vijidudu vya malaria. Vinafuata mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari za maumivu kutoka mguuni hadi kichwani. Vinapanda polepole hadi uti wa mgongo, kisha vinaingia ubongoni.

Mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kabla mtu hajaugua. Huweza kuwa wiki moja tu, na huweza kupita mwaka. Aliyeumwa usoni ana njia fupi kuliko aliyeumwa mguuni. Ndiyo maana nawahofia zaidi watoto. Wao ni wafupi, na mbwa huwafikia uso kwa urahisi.

Muda wote huo mtu anaonekana mzima. Anachunga, anavua dagaa, anacheza.

Mwaka 1903 daktari wa Italia, Adelchi Negri, alitazama kwa hadubini ubongo wa wanyama waliokufa kwa kichaa. Aliona alama za ugonjwa ndani ya chembe za ubongo, nazo zilikuwa nyingi hasa katika hipokampasi. Mwaka 1937 James Papez wa Marekani alieleza kwamba hofu na hasira zina njia yake ndani ya ubongo. Kichaa cha mbwa kilikuwa mojawapo ya ushahidi wake: ugonjwa unashika hipokampasi, na mgonjwa anajaa hofu na ghadhabu. Baadaye wataalamu wengine waliiongeza amigdala katika njia hiyo.

Sasa mtazame mbwa mgonjwa. Anamuuma hata anayemlisha kila siku. Hakimbii fimbo. Fisi au mbweha mgonjwa huingia kijijini mchana bila kuogopa watu. Lakini si wote huwa wakali. Mbwa mwingine hunyamaza, taya hulegea, mate humtoka, ukadhani amekwamwa na mfupa. Usimtie mkono kinywani kumsaidia. Na mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huu usimchune wala usimpasue kichwa.

Mtu huanza kwa homa. Mahali alipoumwa huwasha au hupata ganzi, hata kama kidonda kilipona zamani. Kisha anakosa usingizi na kujaa hofu. Ana kiu, lakini akipewa maji, koo linabana kwa nguvu. Baadaye akiona kikombe tu anashtuka. Hata upepo humshtua. Halafu anatulia, anawatambua ndugu zake na kuwaita kwa majina. Kwa jamaa zake hilo ndilo gumu kuliko yote.

Hapo wapo wasemao amerogwa. Hapa Usukumani tuhuma za uchawi zimewahi kuwaua vikongwe wasio na kosa lolote. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni hahusiki na ugonjwa huu. Ulizeni kwanza: je, mgonjwa huyu aliwahi kuumwa na mbwa?

Dalili zikishaanza, karibu wagonjwa wote hufa. Hospitalini watamtuliza na kumpunguzia mateso, basi.

KIDONDA KILICHOPONA

Baba mmoja alimleta kijana wake kutibiwa homa. Nikaona kovu kwenye ndama ya mguu. Akasema ni mbwa aliyemuuma malishoni, yapata wiki tatu zilizopita. Nikamwambia kijana anahitaji chanjo. Baba akacheka. "Daktari, unataka kuchoma sindano kidonda kilichopona?"

Swali lake lilikuwa zuri. Ngozi ilikuwa imepona, lakini huenda virusi vilikuwa bado njiani. Chanjo huufundisha mwili kupigana navyo kabla havijafika ubongoni. Kwa hiyo hata wiki tatu zikipita, nenda. Lakini ni heri uende siku ile ile.

Chanjo hii si jambo jipya. Julai 1885 huko Paris, chanjo ya Louis Pasteur ilitumiwa kwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa siku mbili kabla. Hakuugua.

Mbwa akikuuma, osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyofikiri, kwa hiyo tazama saa. Usipake majivu, pilipili wala mitishamba. Jeraha lisishonwe nyumbani. Kisha nenda zahanati. Si kila zahanati ina chanjo hii, lakini watakuambia hospitali ya kwenda. Ukiwa kisiwani Kome, panda chombo cha kwanza. Jeraha likiwa kubwa, daktari anaweza kuongeza dawa nyingine, inayochomwa pembeni mwa jeraha.

Kama mbwa anajulikana na mnaweza kumfunga bila hatari, mfungeni siku 10 na mumwite Bwana Mifugo. Lakini usingoje siku hizo ziishe ndipo uende hospitali. Kwa mbwa wote wa kijiji, dawa ni kuchanjwa. Wilayani Serengeti, mkoa wa Mara, mbwa wengi walichanjwa kuanzia mwaka 1996. Kichaa kikapungua sana kwa mbwa, na watu walioumwa wakapungua pia.

Sindano ya mtu si moja. Tarehe za kurudi huandikwa kwenye kadi. Zamani ulimpa mwanao akusomee. Sasa isome mwenyewe, na uitundike mahali utakapoiona kila asubuhi.